Ule Mwisho Sikuusoma

Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne, nilimpoteza mtu aliyekuwa akinitumia vitu vya kusoma.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine na haikai. Nikiandika rafiki, watu wa kwetu Maretadu wanauliza ni rafiki wa wapi, mbona hawakuwahi kumwona. Nikiandika dada, nitakuwa nadanganya, maana hatukuzaliwa pamoja. Yeye alikuwa Muislamu wa Katesh, mwenye duka la khanga na vitenge. Mimi ni Mkristo, nalima mahindi na maharage, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kuonana uso kwa uso tulionana mara chache, na mara zote ilikuwa mnadani. Lakini kila asubuhi, isipokuwa siku za kukosa bando au chaji, tulizungumza kwa simu kwa kuandikiana, na mazungumzo yetu yalihusu kitu alichookota yeye mtandaoni au nilichookota mimi.

Tulianza na pweza. Ilikuwa siku ya mnada, Dongobesh, nami nilikuwa nimeuza majogoo wawili na nilitaka khanga. Wafanyabiashara wa nguo kutoka Katesh walikuwa wametandika maturubai yao kwa safu. Yeye alikaa juu ya robota, simu karibu na pua, wala hakuniona nimesimama. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kisha akainua.

"Hebu ngoja. Wewe umezaliwa lini?"

Tukahesabu pale mbele ya khanga. Alinizidi miaka mitatu.

"Haya, marahaba ni yangu kihalali," akasema. "Sasa niambie, ulikuwa unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu?"

"Pweza mwenyewe sijamwona hata mmoja."

"Hata mimi sijamwona. Bahari yenyewe naijua kwa picha. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikamuuliza mioyo mitatu inamsaidia nini. Akarudi kwenye simu, akasoma, akaniambia miwili inasukuma damu sehemu za kupumulia, na mmoja unahudumia mwili wote, na kwamba akiogelea ule mmoja unasimama, kwa hiyo mwenyewe hupenda zaidi kutambaa.

"Basi kila akikimbia anakufa kidogo," nikasema.

Alicheka mpaka mteja mwingine akaondoka kwa kuona hahudumiwi. Aliponipa khanga yangu alitaka na namba yangu ya simu. Alisema, "Wewe unajibu. Watu wangu wote nikiwasomea kitu wanasema mhm."

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi yangu ikapata utaratibu. Kwetu mtandao haushiki ndani ya nyumba, unashika kwenye jiwe lililo mwisho wa shamba, upande wa kanisani. Nilikuwa nikishakamua ng'ombe na kuwafungulia kuku napanda mpaka pale, nakaa, nawasha data, naandika, "Shikamoo dada." Yeye anaandika, "Marahaba. Umeamkaje huko kwenye baridi?" Halafu kitu cha siku hiyo kinaingia.

Alinitumia habari za kijiji ambako watu huitana kwa miluzi kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Alinitumia mbuzi wanaopanda mti hadi matawi ya juu kula matunda, nikamwambia wangu wakijifunza hiyo nimekwisha. Alinitumia ndege anayevuka bahari nzima bila kutua, na tulibishana siku mbili kuhusu analala saa ngapi. Mimi nilimtumia namna ya kuhifadhi maharage kwa majivu, akajibu kwamba hiyo siyo habari, hiyo ni mimi mwenyewe na ghala langu. Nikamtumia mti uliokuwa hai kabla ya Yesu na kabla ya Mtume wake, tukaacha kubishana, siku hiyo tukanyamaza wote wawili.

Alikuwa na sharti moja, nalo lilitokana na kosa langu. Mwanzoni kabisa nilimtumia picha ya nyoka mwenye kichwa cha mtu, iliyosema ameonekana kwenye ziwa moja la kwetu. Ilikuwa imetumwa kwenye kundi la akina mama wa kanisa, na mimi niliisukuma kama ilivyokuja.

Akaniuliza, "Umeisoma hadi mwisho?"

"Nimeisoma."

"Umeiangalia hiyo picha?"

"Nimeiangalia, inatisha."

"Kuna kibao nyuma ya huyo nyoka. Kimeandikwa lugha gani?"

Nikaikuza. Kilikuwa na maandishi ambayo hata herufi zake sizijui. Nikamwandikia kwamba huenda nyoka alikuja na kibao chake. Alicheka kwa ujumbe wa sauti, ninao hadi leo, halafu akasema kwa ile sauti ya mtu anayepima kitambaa: kuanzia leo, hakuna kutuma kitu ambacho hujakisoma mpaka mstari wa mwisho, na hakuna kujibu kwa kidole gumba. Anayetumiwa anasoma mpaka chini, halafu anasema neno lake mwenyewe. Nilikubali. Nililishika sharti hilo miaka yote hiyo, mpaka wiki ya mwisho.

Ilikuwa Alhamisi. Palizi ilikuwa imenizidi, mvua ilinyesha kila siku na magugu yalikuwa yakinitangulia. Nilipanda kwenye jiwe nikiwa na jembe mkononi. Kilichoingia siku hiyo kilikuwa maandishi marefu kuhusu yule ndege anayeongoza watu kwenye asali.

Marehemu baba yangu alikuwa mrina asali. Huyo ndege nimemfuata nikiwa mtoto, nimemsikia akiita, nimeona baba akimjibu kwa mluzi na kutembea nyuma yake kutoka mti huu hadi ule mpaka tunasikia nyuki. Nilisoma mistari ya juu, michache tu, nikaona mwandishi wa nchi za mbali anaeleza kwa mshangao kitu ambacho mimi nilikijua kabla sijajua kusoma. Nikajisemea, huyu ndege ni wa kwetu, nitasoma nini tena. Nikaandika, "Nimesoma. Nzuri sana." Nikashuka kwenda kupalilia.

Jioni nilikuta ameandika: "Na ule mwisho umeuonaje? Ni kweli kwenu wanafanya hivyo?"

Sikujua ule mwisho ulisema nini. Ningeweza kufungua nikasoma, lilikuwa jambo la robo saa. Nikasema nitasoma kesho. Ijumaa nilichoka. Jumamosi nilifua. Jumapili baada ya ibada nilikuwa na bando na nilikuwa na chaji, nisimsingizie mtu, na nilikaa kwenye lile jiwe nikaangalia mwanamke anayepika mkate kwenye mchanga wa moto, mpaka nikaona baridi, nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi akaandika neno moja, "Umepotea?" Nikajibu, "Nipo dada, kazi za shamba." Hata shikamoo siku hiyo sikuandika.

Jumanne saa tano asubuhi, nikiwa shambani, ujumbe wa kawaida, usiohitaji data, ulikuja kutoka namba yake. Nilifurahi, nikadhani amekasirika vya kutosha na sasa atanichokoza. Uliandikwa na mtu mwingine: "Dada yetu ametutoka leo alfajiri. Presha. Tuombeane."

Nilikaa chini kwenye tuta la maharage. Sikulia. Nilianza kupanga.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwetu mtu akifa tunasubiri. Wanaoishi Arusha wafike, wa Babati wafike, mchungaji apange siku, jeneza litengenezwe, majirani walete kuni na maji. Anazikwa siku ya tatu, pengine ya nne. Anayekuja mikono mitupu anaonekana hakuja. Kwa hiyo nilichukua mahindi nikaenda mashineni, nikasubiri foleni, nikasaga. Nikarudi nikapepeta maharage, nikayachagua moja moja, maana niliona si vizuri kumpelekea marehemu maharage yenye mawe. Gari la mchana la kwenda Haydom lilipita nikiwa bado na ungo magotini. Nililisikia likipiga honi barabarani.

Nilikuwa nimesikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba Waislamu huzika mapema. Lakini sikuwahi kuzika nao. Nilijua kwa kichwa, na mikono yangu ikafanya inavyojua yenyewe.

Jumatano nilipanda gari la alfajiri. Njia ilikuwa tope, tukashuka mara mbili kusukuma. Haydom nikabadilisha gari, tukapita Basotu na Balangdalalu, na Katesh nikashuka mchana, mlima ulio juu ya mji umefunikwa wote na mawingu, unga kichwani na maharage mkononi. Nikauliza nyumba ya msiba, nikaonyeshwa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, kimya kimya, wengine wakisoma. Mmoja alinipokea mzigo.

Nikamuuliza, "Mazishi saa ngapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Tulimzika jana mama. Alasiri."

Walinipa nafasi kwenye mkeka. Mama aliyekaa kando yangu aliniuliza taratibu, kama watu wanavyouliza msibani, "Wewe ni nani wake?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nikamwambia, "Mteja wake."

Akatikisa kichwa, akasema pole. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango, macho yamevimba, alikuwa mdogo wake marehemu. Nilimtambua kwa pua, walifanana pua. Nilipomkaribia kumpa mkono aliniamkia shikamoo, akaniambia ahsante kwa kuja, na hakujua amempa mkono nani. Nikaondoka na gari la saa tisa.

Maretadu msiba wangu haukuwa na mahali pa kukaa. Mtu akifiwa kwetu, watu wanakuja, wanakaa nawe mpaka nyumba itulie. Kwangu hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyejua kuna nini. Jirani yangu, tunayeimba naye kwaya, aliniona nimesimama shambani nimeegemea jembe.

"Mama, unaumwa?"

"Nimefiwa."

"Maskini. Na nani?"

"Mama mmoja wa Katesh. Tulikuwa tunaandikiana kwenye simu."

"Mnaandikiana nini?"

Nikafikiri. "Habari za pweza," nikasema.

"Pole," akasema, kisha, kwa sababu ni mtu mwema na alitaka kunichangamsha, "Mimi nilidhani umefiwa na mtu." Alisikia mwenyewe alivyosema, akanishika mkono. Sikumkasirikia. Na mimi ningesema hivyo hivyo.

Nilijaribu kutuma vitu kwenye kundi la akina mama. Nilikuta habari ya tembo wanaosimama kimya mbele ya mifupa ya tembo wenzao. Niliisoma mpaka mstari wa mwisho, nikaituma. Vikaja vidole gumba kumi na moja na amina mbili. Nikasubiri siku nzima mtu aseme neno. Jioni mwenyekiti akatukumbusha kwamba kundi ni la mambo ya kanisa.

Niliendelea kupanda kwenye lile jiwe asubuhi, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea. Nilikuwa naona kitu, naanza kukisoma, na katikati naanza kumtungia sentensi ya kumwambia. Halafu nakumbuka. Ikawa nashindwa kumaliza chochote. Kuna siku nilijikuta nasoma maneno ya kwenye mfuko wa mbolea mpaka mwisho, kwa kuwa hayo sikuwa na wa kumwambia hata angekuwepo.

Ule ujumbe wake ulikuwa pale pale, "Na ule mwisho umeuonaje?" Sikuugusa kwa wiki nyingi. Nilikuwa naogopa. Mwezi wa sita, maharage yakiwa yamevunwa, nikajikaza, nikagusa ile linki yake ili nisome. Ikazunguka, ikazunguka, kisha yakatokea maandishi kwamba ukurasa huo haupo tena. Nikajaribu kesho yake. Nikajaribu kutafuta kwa maneno, ndege, asali, mrina, yakaja mambo mengi lakini si yale. Sikuwa nimeshika hata jina la mwandishi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeulizwa swali na mtu ambaye hayupo, kuhusu kitu ambacho hakipo, na nilikuwa nimeshamjibu kwa uongo. Nilijua kuna mahali pamoja tu ambapo ule mwisho ungeweza kuwa umebaki. Alikuwa na tabia ya kuwasomea watu wa dukani kwake kila alichonitumia. Lakini ili kuuliza ningelazimika kusema kwa nini siujui. Nilichukua mwezi mwingine mzima kufika hapo.

Nilikwenda mwezi wa saba, baada ya kuvuna mahindi, siku ambayo si ya mnada. Nilijifunga khanga ya mwisho niliyonunua kwake, ambayo sikuwahi kuipeleka kwa fundi, ncha zake mbili zikiwa bado na nyuzi. Duka lilikuwa wazi. Mdogo wake alikuwa ndani akipima kitenge kwa mkono, kuanzia puani hadi kwenye vidole, kama dada yake alivyokuwa akipima. Barazani kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba na mguu haukuacha kukanyaga.

Yule mdogo wake akaniamkia. Akaniuliza nahitaji nini.

"Sikuja kununua," nikamwambia. "Nilikuja kwenye msiba, siku ya pili. Nilikuwa na unga na maharage."

"Nakumbuka kulikuwa na mama wa maharage. Yalikuwa safi."

"Nilisema mimi ni mteja. Sikuwa mteja tu. Mimi ndiye wa Maretadu."

Aliweka kitenge chini. Cherehani barazani ikasimama.

"Wewe?" akasema. "Wewe ndiye wa Maretadu?"

"Ndiyo."

"Sisi tulisema hukuja." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya mtu anayepanga upya vitu kwenye rafu. "Nilishika simu yake nikatuma kwa namba zote. Nikasema huyo wa kila siku lazima atakuja. Tukazika. Usiku ule nikawaambia watu hata yule wa Maretadu hakuja, kumbe ndiyo mambo ya simu hayo."

Nikamweleza kuhusu mashine na foleni, na honi ya lile gari. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu nikamweleza lile lingine, kwamba dada yake alinitumia habari ya ndege, nikasema nimesoma na sikusoma, akaniuliza kuhusu mwisho wake na sikumjibu, na sasa nimekuja kuuliza mwisho ulisemaje kama kuna anayekumbuka.

Akainamisha kichwa. Nilidhani ananichukia.

"Mama," akasema, "dada alinisomea hiyo habari pale kwenye kile kigoda. Yote. Mimi nilikuwa napanga khanga." Akakiokota kile kitenge. "Nilisema mhm."

Tukaangaliana. Tulikaribia kucheka na hatukucheka.

Fundi akaita kutoka nje, "Ile ya ndege? Njooni huku. Mnaulizana ninyi ambao hamkusikiliza."

Tukatoka. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akairudisha.

"Mwisho wake ulisema hivi," akasema. "Kuna warina asali ambao wakishapata asali hawamwachii ndege nta. Wanaifukia, wengine wanaichoma. Ndege abaki na njaa, ili awapeleke kwenye nyuki wengine. Mimi nikasema sawa, hao ni binadamu, nawafahamu, nimewashonea suruali. Marehemu akasema haiwezekani. Akasema huwezi kumnyima aliyekuonyesha njia. Tukabishana hapa mpaka adhana ya adhuhuri. Akasema basi, nina mtu wangu Maretadu, baba yake alikuwa mrina, nitamuuliza. Tukawekeana dau. Nikishinda mimi, nanywa chai ya tangawizi yake wiki nzima. Akishinda yeye, nampindia khanga."

"Sasa jibu likawaje?" yule mdogo wake akauliza.

"Lilikuja? Kila akitoka hapa nje namuuliza, jibu? Ananiambia, yuko shamba, atajibu, yule akijibu anajibu kitu cha maana." Akanigeukia. "Haya mama. Ndiyo umefika. Unasemaje?"

Sikuwa nimejiandaa. Miezi mitatu nilikuwa nikitafuta swali, sikuwaza kwamba jibu ninalo.

Niliwaambia baba alikuwa akitoa asali, anakata kwanza kipande cha sega chenye nta, anakiweka juu ya jiwe, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kulamba kidole mpaka ndege ashuke. Alikuwa akitupiga kwa hilo. Alituambia ndege aliyedhulumiwa siku nyingine atakupeleka kwa nyoka.

Fundi akaguna. Mdogo wake marehemu akasema, "Dada kashinda."

"Bado," nikasema.

Kwa kweli nilitaka kuishia hapo. Kama ningemjibu dada yangu siku ile ya Alhamisi, nadhani ningeishia hapo, angefurahi, na angepindiwa khanga yake. Lakini nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kwa sababu ya uongo mmoja.

Nikawaambia kwamba mwaka mmoja wa njaa, mdogo wangu akiwa mgonjwa nyumbani, tulimfuata ndege mimi na baba tangu asubuhi. Asali ilikuwa kidogo. Baba aliikusanya yote kwenye kibuyu, na masega akayasukuma kwa mguu kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, akayafukia. Ndege alikuwa tawi la juu yetu, anaita, anashuka kidogo, anapanda. Nilimuuliza baba, na yeye? Baba akasema, kesho. Kesho yake tulirudi, na ndege akaja, akatupeleka. Siku hiyo ya pili baba aliweka kipande kikubwa juu ya jiwe, kikubwa kuliko siku zote, na hakutuangalia usoni njia nzima. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Mama yangu alikufa hajui.

Mtu alipita na baiskeli yenye kreti za soda, akatusalimia, tukaitika.

"Kwa hiyo ni kweli," fundi akasema.

"Ni kweli. Na alichosema dada nacho ni kweli."

"Basi hakuna aliyeshinda."

"Hakuna."

Aliangalia sindano yake. Halafu akaangalia khanga niliyojifunga kiunoni.

"Hiyo ni ya hapa hapa dukani," akasema. "Mbona haijapindwa?"

"Nilikuwa nitaipeleka kwa fundi."

"Lete."

Nikaifungua kiunoni, nikabaki na gauni. Mdogo wake marehemu akaingia ndani, akarudi na kile kigoda, akaniwekea. Akaleta na chai, ina tangawizi, vikombe vitatu, akakaa kizingitini. Akaniambia, "Hebu nieleze huyo ndege anaita vipi." Nikamwonyesha kwa mdomo, vibaya, maana sijapiga mluzi tangu utoto. Hakusema mhm. Alijaribu na yeye.

Fundi alikunja ukingo kwa kidole, akaupitisha chini ya sindano, akakanyaga mpaka mwisho wa kitambaa. Alipinda ncha moja tu. Akakata uzi kwa meno, akaikung'uta khanga, akanirudishia na ncha ya pili ikiwa na nyuzi zake.